Msichana Aliyewekwa Makumbusho

Wiki iliyopita nilinunua viatu vya kazini, na nilipofungua boksi nikakuta, chini ya karatasi laini, kile kifuko kidogo cheupe chenye chembechembe za kunyonya unyevu, kimeandikwa usile. Watu wote niwajuao hukitupa. Mimi siwezi. Nilikitia mfukoni mwa koti harakaharaka kama mwizi, na kwenye treni nikawa nakibonyezabonyeza kwa vidole, nikisikia chembe zinavyosuguana. Kabla sijafika nilikokuwa nakwenda nikawa nimesharudi St. James Town, mtaa wa maghorofa nilikokulia huku Kanada, kwenye korido ya ghorofa ya kumi na nne, begi la shule mgongoni, nasubiri Tita Cora afungue mlango ili ile harufu ya kitunguu saumu na siki inipokee.

Wenzangu mliokulia huku mtanielewa. Kila mmoja wetu alikuwa na jirani wa aina hii: si ndugu, si wa kabila letu, wala si wa bara letu, lakini anajua namba ya kiatu chako kuliko shangazi zako wote. Wangu alitoka Manila. Tita ndivyo Wafilipino wanavyomwita shangazi au mama mdogo, na sikuwahi kumwita jina lingine. Asubuhi alikuwa akimhudumia bibi mmoja mgonjwa ng'ambo ya bonde, kwenye nyumba zenye bustani, kisha anawahi kurudi kunipokea mlangoni kwa shule. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi yenye zamu zisizo na adabu. Baba alikuwa ghalani kule Downsview, akipanga mizigo. Kati ya zamu ya mmoja na ya mwenzake palikuwa na ufa, na ndani ya ule ufa ndimo nilimoishi, nikila wali wa kukaangwa na yai juu yake.

Kabla ya kuja Kanada, Tita Cora alikuwa mfanyakazi wa makumbusho ya taifa lao. Alianza kwa kulinda ukumbi wa mitungi ya kale, kazi ambayo kwa maelezo yake ilikuwa kusimama kutwa na kuwaambia watoto wasiguse. Baadaye akapelekwa stoo ya nyuma, wanakosafisha na kufunga vitu. Kazi ile aliiacha Manila ila haikumwacha yeye. Sufuria ya adobo, ile nyama yao ya siki na kitunguu saumu, aliibeba kwa mikono miwili, mmoja chini na mmoja ubavuni, hata kama ilikuwa na vishikio vizuri tu, kwa kuwa vishikio, alisema, ndivyo vinavyovunjika kwanza. Vifuko vya kwenye maboksi ya viatu alivikusanya kwenye chupa, akavisambaza ndani ya lile boksi kubwa lililokaa pembeni mwa sebule, analojaza taratibu sabuni, nyama ya kopo na taulo kabla ya kulituma nyumbani kwa meli. Kwao adui ni unyevu, aliniambia. Huku adui ni ukavu, ndiyo maana wakati wa baridi aliweka bakuli la maji juu ya hita, eti meza yake isipasuke. Meza yenyewe aliiokota chini, pale jengo linapotupa samani.

Na kulikuwa na sheria moja iliyotutesa wote wawili. Kwenye makumbusho huruhusiwi kuinua kitu kabla hujaandaa pa kukiweka. Kwanza unakwenda unasafisha mahali, unahakikisha hakuna kitu, ndipo unarudi kuinua. Nikishika glasi ya maziwa tu, Tita ananiuliza kutoka jikoni, bila hata kugeuka, inakwenda wapi. Mimi sijui inakwenda wapi, mimi nataka kunywa maziwa. Basi narudisha glasi, nakwenda kuondoa vitabu mezani, narudi, nainua glasi. Mpaka leo mume wangu ananicheka nikizunguka jikoni mikono mitupu naandaa nafasi, chakula kinapoa.

Binti yake alikuwa anaitwa Maricel, na mimi nilimjua kupitia simu. Kila Jumamosi jioni, ambayo kwao tayari ni Jumapili asubuhi, Tita alinawa uso, akapaka mdomo rangi, akaegemeza simu kwenye kopo la biskuti na kupiga. Mara Maricel anatokea. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko mimi, nywele zimechanwa zikalala, gauni la kutokea, soksi nyeupe. Nyuma yake palikuwa na ukumbi mpana usio na mwisho, makabati ya vioo, taa ndogondogo, na mitungi mikubwa ya udongo. Kwenye benchi ameketi bibi yake, ambaye wao wanamwita Lola, pochi mapajani. Walinzi wawili watatu waliofanya kazi na Tita zamani walipita wakapunga mkono. Kisha Maricel anatembea polepole na simu, anamwonyesha mama yake kabati moja baada ya jingine, na Tita anauliza kwa Kitagalogi, lugha ya kwao, mambo ambayo sikuyaelewa, huku kidole chake kikipapasa kioo cha simu.

Kulikuwa na mtungi mmoja waliokuwa wakiumalizia kila mara. Kifuniko chake kina mtumbwi mdogo wa udongo na watu wawili ndani, wa nyuma anapiga kasia, wa mbele amekunja mikono kifuani. Tita alinieleza kwamba zamani wazee wao walihifadhi humo mifupa ya marehemu, na huyu wa mbele ndiye anayesafirishwa. Nikauliza anapelekwa wapi. Akasema kwa wenzake waliotangulia. Niliutazama sana ule mtungi. Nilikuwa na miaka minane, na nilichokigundua ni kwamba ulikuwa mkubwa kiasi cha kumwenea mtoto.

Kwa wiki nyingi Maricel hakuwahi kuonekana mahali pengine. Sikumwona kitandani, wala mezani, wala nje kwenye jua. Jumamosi nyingine naye yupo palepale, gauni jingine, makabati yaleyale. Nikamwuliza Baba makumbusho ni nini hasa. Baba aliwahi kupelekwa na shule yao kwenye makumbusho ya Dar es Salaam alipokuwa kijana, na akipata nafasi ya kueleza jambo huwa hakosi. Aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Makumbusho, mama, ni pale vinapowekwa vitu vya thamani ambavyo mwenyewe hawezi kukaa navyo nyumbani," alisema. "Vinatunzwa pale visipotee. Watu wanakwenda wanaviangalia."

Kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Tita alikuwa na kitu cha thamani. Hakuweza kukaa nacho, kwa sababu alikuja kufanya kazi Kanada. Kwa bahati alikuwa anafahamiana na watu wa makumbusho, basi akamweka mle. Usiku, nilijiambia, wale walinzi walimfunika Maricel blanketi, na Lola akabaki kwenye benchi kumchunga. Niliona ni mpango wa busara sana. Hata nilimwonea wivu kidogo, kwa kuwa makumbusho yao yalikuwa na sakafu inayong'aa na sisi lifti yetu ilikuwa imeharibika tena.

Wivu uliisha siku moja ya mwezi wa tatu, theluji inayeyuka, Mama yuko jikoni anaongea na Bibi wa Morogoro kwa sauti ya nje ya simu. Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu. Ninyi mnajua jinsi wazazi wetu walivyokuwa. Kwa sababu tuliwajibu kwa Kiingereza, walisahau kwamba Kiswahili kiliingia vizuri tu, ila hakikutoka. Wakazungumza mbele yetu kama tumelala. Mama akamwambia Bibi kwamba amepata nafasi ya kusoma unesi, masomo mchana na zamu usiku, na akina mama wa kanisani wamemshauri wote jambo moja: mtoto apelekwe nyumbani, ajifunze lugha na adabu, arudi mambo yakikaa sawa. Miaka miwili tu. Wengi wamefanya hivyo na watoto wamerudi salama. Bibi alifurahi mpaka simu ikakwaruza. Akasema chandarua ameshanunua, na chumba cha uani atakipaka rangi.

Niliendelea na hesabu. Nakumbuka niliandika jibu na likawa sahihi, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Nilichokisikia mimi ni kwamba Mama naye amepata kazi ambayo hawezi kukaa na kitu chake cha thamani nyumbani. Sikumchukia. Nilijua anavyorudi asubuhi, anavyovua viatu akiwa bado mlangoni na kukaa chini hapohapo kwenye mkeka, koti mwilini, kama mtu aliyesahau alichofuata ndani. Kitu kilichoniogopesha ni kioo. Nilijiona nimesimama na soksi nyeupe, na Mama, mdogo kama kiganja, ananipapasa kwa kidole.

Siku mbili tatu nilikaa na jambo hilo tumboni. Kisha jioni moja, Tita anamenya vitunguu saumu na mimi naokota maganda, nikamwambia kwamba na mimi nitawekwa makumbusho.

Alifikiri ni safari ya shule. Akauliza kama tunakwenda yale ya mjini yenye mifupa ya dinosaria, na kama Mama ameshatia sahihi. Nikamwambia hapana, ni ya Tanzania, na Bibi ndiye atakayekaa kwenye benchi. Tita akacheka, akaendelea kumenya. Mimi nilikuwa na swali moja lililonikaa rohoni kuliko yote, basi nikaliuliza.

"Jumamosi Mama akinipigia, na wewe utakuwepo? Au utakuwa unaongea na Maricel?"

Kisu kikasimama. Aliniangalia usoni, kisha akatazama lile kopo la biskuti ambalo huwa anaegemezea simu. Akaniuliza taratibu nani ameniambia Maricel anakaa makumbusho. Nikasema hakuna aliyeniambia, nimemwona mwenyewe, kila Jumamosi yumo. Nikamweleza yote, jinsi Baba alivyosema kuhusu vitu vya thamani, na blanketi, na walinzi. Nilijieleza vizuri, kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha kwamba hakuna linalompita. Tita akainuka, akafungua bomba akanawa mikono muda mrefu mno, kisha akaninawisha na mimi, kidole kwa kidole, ingawa mikono yangu haikuwa na harufu yoyote. Alisema Maricel analala kwa Lola, kitandani, kama watoto wote. Pale wanakwenda tu kuzungumza naye.

"Sasa kwa nini usimwone kitandani?" niliuliza.

Alinipakulia wali, akakaa mkabala nami, na yeye hakula.

Jumapili, tuliporudi kanisani, aligonga mlango wetu. Alikuwa amebeba bakuli la tambi za kukaangwa kwa ile mikono yake miwili. Nilikimbia kuondoa magazeti mezani kabla hajaingia, maana nilijua. Mama akamkaribisha, akamletea chai, wakaongea habari za lifti na za baridi inayokataa kuondoka. Mimi nikaambiwa niende chumbani, nikaenda, nikaacha mlango wazi upana wa sikio.

"Mama Editha," Tita alisema. Jina hilo alilijifunza kwa wageni wetu wa kanisani na alilitamka kwa uangalifu. "Sijawahi kuingilia mambo ya nyumba yako. Leo naingilia."

Mama alijua mara moja. Akaanza kujieleza kabla hajaulizwa: kwamba si kumtupa mtoto, kwamba huyo bibi ni mama yake yeye mzazi na wala si mgeni, kwamba akimaliza masomo hataosha tena watu usiku, na yote hayo ni kwa ajili ya mtoto huyohuyo. Sauti yake ilianza kwa ukali ikaishia kama ya mtu anayeomba. Tita alimwacha amalize yote.

"Lola ni mama yangu mzazi pia," alisema. "Na mimi nilisema miaka miwili. Maricel alikuwa hajaanza kutembea."

Nikasikia kijiko cha Baba kikizunguka kwenye kikombe ambacho nadhani hakikuwa na sukari.

"Unajua kwa nini wanakwenda makumbusho kila Jumapili?" Tita aliendelea. "Lola alihama. Nyumba anayolala mwanangu siijui. Sijui mlango uko wapi, sijui dirisha linatazama wapi. Nikimwona kitandani, namwona mahali nisipopajua. Makumbusho ndiyo sehemu pekee Manila ambayo yeye yupo na mimi napajua. Akisimama pale, najua nyuma yake kuna nini. Najua hewa ikoje. Kazini kwetu tulikuwa hatuinui kitu kabla ya kuandaa pa kukiweka, na mimi niliwafundisha vijana sheria hiyo kila siku. Halafu nikamwinua mtoto. Mpaka leo niko naye mikononi, Mama Editha, sijapata pa kumweka."

Mama alilia. Sijamsikia akilia mara nyingi, na siku ile nilijua kwamba analia kwa uchovu na kwamba mimi sitakwenda, vyote pamoja, kabla hata hajasema neno. Baba, ambaye ni mtu wa mambo yanayoshikika, akauliza sasa zamu za usiku zikigongana nani atakaa na mtoto.

"Kitanda kipo," Tita alisema.

Nilikijua hicho kitanda. Kilikuwa kwenye chumba kidogo cha kwake, chumba ambacho mlango wake ulifungwa. Nilichungulia mara chache tu. Kitanda cha mbao, godoro jipya ambalo bado lina nailoni yake ya dukani, shuka limekunjwa juu, na dirishani pazia la maua ya waridi. Chini ya kitanda kulikuwa na maboksi ya viatu, kila moja na kiatu kikubwa kidogo kuliko cha boksi lililotangulia, maana Tita alinunua namba ya Maricel kila mwaka akingoja makaratasi ya kumleta, na kila mwaka makaratasi yakachelewa na miguu ikakua. Kila boksi lilikuwa na vifuko vyake vya kunyonya unyevu, hata huku kusiko na unyevu wa kunyonya. Mimi nilizoea kulala kwenye sofa nikisubiri wazazi. Chumba kile hakikuguswa.

Usiku wa kwanza wa zamu mpya ya Mama, Tita alichukua mkasi akachana ile nailoni. Alivuta taratibu, ikatoa kelele nyumba nzima. Akatandika shuka, akapigapiga mto, akaniambia nipande. Mimi nikagoma. Nilikuwa nimefundishwa na yeye mwenyewe kwamba kitu cha mtu kikiwekwa vizuri vile hakiguswi, na nilisimama pale na nguo zangu za kulalia, mikono nyuma, kama walivyotakiwa wasimame watoto wa Manila. Nikamwambia ni cha Maricel. Akasema ndiyo, ni cha Maricel, na kitanda kisicholaliwa kinaoza hata Kanada. Kisha akanishika kwapani, akaniinua, akaniweka. Mahali palikuwa tayari.

Nililala kitanda kile miaka mingi kuliko miwili. Mama alimaliza unesi, na Bibi alipewa taarifa na chandarua chake kikatumika kwa mjukuu mwingine, ingawa alinuna na alituchukulia sote kama watu tuliochezea hisia zake. Tulikwenda kumwona wote watatu, tukarudi wote watatu. Jumamosi niliendelea kukaa nyuma ya Tita wakati wa simu. Nilipozoea, nikasogea mbele kidogo, nikamwambia Maricel hujambo kwa lugha yake, naye akanionyesha kiatu chake au pengo la jino. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wawili wanaoonana kila wiki kwenye kioo, kila mmoja akimkagua mwenzake.

Makaratasi yakatoka Maricel ana miaka kumi na mitano. Sijawahi kuona mtu akisafisha nyumba namna ile. Niliondoa mto wangu na kitabu changu cha chini ya godoro bila kuambiwa, nikavirudisha kwetu, na Mama akaniona nikiwa nimekaa na mto mapajani akaniuliza kama naumwa. Uwanja wa ndege Tita alisimama mbele ya watu wote, koti zito la wasichana limelala kwenye mikono yake miwili iliyonyooshwa. Maricel akatoka na sanduku lake. Alikuwa mrefu kuliko mama yake. Tita akaanza kuinua mikono, na koti likamzuia, na kabla hajajua alitupe wapi, Maricel akainama, akauchukua mkono wa mama yake wa kulia, akaugusisha kwenye paji la uso wake.

Mimi nilidhani anampimisha homa. Baadaye nilielewa kwamba ile ndiyo shikamoo yao. Ndiyo heshima anayopewa mkubwa yeyote, mwalimu, padri, jirani, bibi uliyekutana naye leo. Ilikuwa heshima safi isiyo na kasoro, na Tita aliipokea inavyopokelewa. Kisha mkono wake ukabaki hewani, wazi, mbele ya paji lile lililokwisha kuinuka. Njia nzima kwenye gari la Baba hakuna aliyesema zaidi ya habari za safari.

Tulipofika ilikuwa mchana wa jua kali, na Maricel alikuwa anasinzia akiwa amesimama. Tita akamwonyesha chumba, akatoka haraka kwenda jikoni, akaanza kupika kama anawapikia watu wa jengo zima. Nikatumwa nipeleke maji. Nilimkuta Maricel amelala katikati ya kitanda, macho wazi, viatu miguuni. Maboksi ya chini ya kitanda alikuwa ameshayavuta. Viatu vidogo vilikuwa vimepangwa kwenye kimeza cha pembeni na sakafuni, cha kwanza kinaenea kwenye kiganja. Vifuko vyeupe vilitapakaa juu ya shuka.

"Hiki kitanda kina shimo," alisema kwa Kiingereza chake cha shule. "Ni lako?"

Nikasema ndiyo. Shimo lilikuwa upande wa ukutani, ninapolala. Nilisubiri anifukuze, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Nilipokuwa mdogo nilimwuliza Lola Mama anafanya kazi gani Kanada," alisema akitazama dari. "Lola akasema kazi ileile ya zamani. Anatunza vitu vya thamani vya watu wengine. Halafu kila Jumapili nakuona wewe. Umekaa palepale, nyuma yako kabati la vioo, husemi kitu. Nilidhani uko makumbusho. Nilidhani wewe ndiye kitu chenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi, kwamba hata mimi. Lile kabati nyuma yangu lilikuwa la vyombo, na nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa namwogopa. Nikatamani nimwombe radhi, ingawa sikujua ni kwa lipi. Nilichoweza ni kukaa chini sakafuni, kati ya viatu vyake vyote ambavyo hakuwahi kuvivaa.

Ndipo Tita akatokea mlangoni. Amebeba sinia kwa mikono miwili, mmoja chini na mmoja ubavuni: wali, adobo inayofuka moshi, yai juu. Alitazama kimeza, kimejaa viatu. Akatazama sakafu, nimekaa mimi na viatu vingine. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Tita Cora alikuwa ameinua kitu bila kuandaa pa kukiweka. Alisimama vilevile, mvuke ukimpanda usoni. Nilitaka kuinuka nimsaidie, nikaona Maricel ameinuka kabla yangu.

Hakukimbilia sinia. Walinzi wa ukumbi wa mitungi walikuwa wamemlea Jumapili zote zile, na walikuwa wamemfundisha. Aliokota vile vifuko kimoja kimoja juu ya shuka, akavitia mfukoni. Akanyoosha shuka kwa kiganja mpaka likalala. Akasogea ukutani, kwenye shimo langu, akapima kwa macho nafasi iliyobaki, akaona inatosha watu wawili na sinia. Hapo ndipo alipomtazama mama yake.

"Hapa, Mama," alisema. "Pako tayari."

Tita akaja akaweka sinia, kisha akakaa na yeye.